Nati Zilishika Nyuzi Nne Tu

Tabora, 14 Juni 2024

Dada mshauri,

Leo natimiza miaka arobaini na moja tangu niondoke Ngombezi, Korogwe, katika kambi ya mkonge nilikozaliwa na baba Mnyamwezi aliyeletwa kukata mkonge, nami sasa ni mzee wa miaka sabini na mbili, fundi mstaafu wa kukereza vyuma, na nakuomba unisaidie kwa sababu hapa hakuna ninayeweza kumwambia.

Mdogo wangu Efrazia alibaki huko, na mwanawe Erasto ana Subaru ya mbio, mwaka jana akanunua rimu pana za inchi kumi na nane, zikawa zinagusa kwa ndani, akanipigia: "Mjomba, nataka zitokeze nje, gari isimame kifua mbele. Nikerezee spesa." Spesa ni bamba la mviringo linalokaa kati ya gari na rimu ili kuisukuma nje. Nilifurahi, dada, maana kwa miaka yote hiyo hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniomba kitu ambacho mikono yangu inakijua, nikakereza seti mbili za alumini, moja ya Erasto na nyingine ya rafiki yake Sharifu, mwalimu wa Handeni, nikazituma kwa basi.

Bamba la unene ule linataka stadi ndefu zaidi, yaani zile boliti za kufungia gurudumu. Nilipiga hesabu kwenye karatasi nikaona kwa stadi za gari lenyewe nati itashika nyuzi nne, yaani mizunguko minne, na zilitakiwa nane. Nilijua. Lakini kiwandani Ngombezi ngoma ya mashine ya mkonge ikilegea tulikuwa tunaipachikia mabamba, tunakaza kwa boliti zilezile fupi, na inamaliza msimu, nikasahau kwamba ile mashine ilisimama juu ya zege na hii inapita kwenye matuta. Siku ya kuzifunga, Fabiani, jirani yetu wa kambini na Mnyamwezi mwenzetu, aliyekuwa anamfungia Erasto, alinipigia akasema, "Mzee, mbona nati inashika ncha tu?" Nikamjibu, "Kaza. Fundi ni nani, mimi au wewe?"

Mwezi wa tatu, asubuhi, Erasto akipita Kabuku, gurudumu la mbele la kulia likachomoka, likalipita gari lenyewe, likavuka barabara na kumkuta mama mmoja, Hajira, ameinama anafungua gunia mlangoni pa duka lake la mbegu. Alikufa palepale. Erasto anaapa alikuwa mwendo wa hamsini, kama kibao kinavyosema, na hakuna anayemwamini, hata mama yake, maana nani anunue gari la namna ile aende hamsini? Mimi ndiye ninayejua kwamba anasema kweli. Kesi iko mahakamani, na alipoulizwa spesa alizitoa wapi alisema aliuziwa Dar na mtu asiyemjua. Ananilinda.

Hajira alikuwa Mzigua, na Wazigua ni watani wetu sisi Wanyamwezi, basi Fabiani alikwenda msibani kama mtani, akaviringisha sinia katikati ya watu akipiga kelele, "Pisheni! Mjomba wa Tabora kawaletea tairi mpaka mlangoni, na nauli hajadai!" Watu wakacheka. Isihaka, mume wa marehemu, naye akacheka, kwa kuwa mtani hajibiwi kwa hasira, akamrushia kandambili: "Toka hapa, mtumwa wa mkonge wewe!" Efrazia ananiambia, "Kaka, limeshasemwa msibani, limechekwa, limekwisha. Erasto akifungwa ni kijana, atatoka. Wewe utafia humo. Nyamaza, uje uzeeke hapa kwetu." Wamenikatia kiwanja nyuma ya nyumba yake, na ameshasema nikifungua mdomo nisikanyage tena. Natamani sana harufu ya mkonge uliotoka kuoshwa. Nikisema nimepoteza kwetu, nikinyamaza mpwa wangu anafungwa kwa mwendo ambao hakwenda. Nifanyeje?

Mzee Y.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu. Barua yako ina kurasa tatu, na Sharifu umemtaja mara moja tu kisha ukampita. Seti ya pili iko barabarani, nawe unaniuliza habari za kiwanja! Ndiyo maana sikungoja gazeti. Nilikupigia siku ileile nikakuambia ukate simu yangu umpigie yeye kwanza.

Pole. Naisema kwa moyo, kwa sababu najua ulichotamani ni kuhitajiwa na watu wako. Lakini ulijua ni nane, ukafunga nne, na aliyekuonya ulimnyamazisha kwa cheo. Usiitwike mashine ya mkonge mzigo huo.

Utani humsaidia mfiwa apumue. Hauandiki maelezo ya polisi. Isihaka alicheka kwa sababu alidhani anataniwa. Hakujua kwamba anaambiwa ukweli wa kifo cha mkewe. Hilo halijakwisha, limeongezeka. Na dada yako anakupenda, lakini anagawa kifungo kama ugali wa jana.

Usifute ujumbe wowote kwenye simu yako. Ile karatasi ya hesabu iweke kwenye bahasha. Mtafute wakili wa Erasto wiki hii, umweleze kila kitu, kisha utoe maelezo polisi kwa jinsi atakavyokuelekeza. Huenda na wewe ukashtakiwa, sitakudanganya. Baada ya hapo mpigie Isihaka mwenyewe, bila kumtuma mtani, na usimwombe msamaha kabla hajamaliza kusema. Habari ya kurudi nyumbani usiitangulize mbele ya lolote kati ya haya.

(Baada ya wiki tano mzee alituletea mistari ifuatayo, akaomba tuichape.)

Sharifu alifungua magurudumu siku niliyompigia. Stadi mbili za mbele zilikuwa zimeshakatika, na asubuhi hiyo alikuwa amepakia wanafunzi wanne. Nimetoa maelezo, na karatasi ya hesabu wameichukua. Fabiani naye ameitwa. Erasto alinitumia neno moja, "Mjomba," na hajaandika kingine. Isihaka alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo siku ile msibani mlijua wote isipokuwa mimi?" Nikasema ndiyo, akakata simu. Efrazia hapokei simu zangu. Nimemwambia mwenye nyumba wangu hapa Tabora kwamba nikifa wanizike hukuhuku.

Sitarudi Ngombezi.