Mlima wa Kirolirwe ndani ya Pedali

Papa,

Nimenunua pedali ya gitaa, ile ya kukanyaga kwa mguu. Najua ungenifokea: "Muntu iko na vidole haombaka musaada ku miguu!" Ungekuwepo ningekubishia uso kwa uso, kama kawaida yetu.

Tangu tulipokuzika njiani tukikimbia Kirolirwe, tunaishi hapa Masisi mjini. Gitaa lako nililibeba mgongoni, likafika. Bafle lake la kutolea sauti nalo likafika. Ng'ombe hawakufika. Nyimbo zako zilikuja na kwaya, ila huku zilisikika kama kinywa cha mtu aliyeng'oka meno, maana kila ulipoacha nafasi ili mlima wa ng'ambo ya zizi ujibu gitaa, hapa hakuna kinachojibu. Kiongozi wa kwaya akaamua nafasi hizo zijazwe na kinanda. Nilikataa mbele ya wote. "Ile nafasi iko na mwenyewe," nikamwambia. "Mungojee mupaka siku ya Mungu." Alinipa hadi Jumapili hiyo, basi.

Mzee mmoja wa Butembo, muuza simu na betri, alikuwa na pedali mbili za kurudisha sauti. Akaisifia ile mpya. Nikaunga gitaa lako, nikapiga noti, ikanirudia safi vilevile nilivyoipiga. Uongo mtupu! Mlima wetu haukuwahi kutusafishia kitu. Ile ya pili ilikuwa imechubuka rangi, na sauti yake ilirudi imefifia kidogo, kama imepita kwenye majani. Nikaichukua hiyo. Nikaiweka ijibu mara moja tu.

Ikabaki kupanga muda wa sauti kurudi. Nilikukumbuka pale zizini: unapiga noti, unamwita ng'ombe wako mwekundu, "Bihogo," na ukimaliza tu jina, mlima unajibu. Nami nikapiga noti nikaita Bihogo. Pedali ikanikatiza katikati ya jina. Nikageuza kitufe, nikapiga, nikaita tena.

"Dada, unaita nani?" mwenye duka akauliza.

"Ngombe."

Wateja wakacheka. Waache wacheke, wao walikimbia na vyao. Kitufe kilipogota mwisho kabisa, nilimaliza jina na sauti ikarudi. Nililia palepale dukani, Papa, na sikujificha.

Nikirudi nyumbani, kwenye kizuizi cha barabarani, mwenye bunduki akapekua mfuko wangu. "Hii iko nini?" Nikamwambia, "Iko mulima yetu." Akaniona kichaa, akanirudishia. Mlima wenyewe wanaukalia wenzake.

Jumapili nilianza na ule wimbo wako wa kukamua. Nilipofika kwenye nafasi ya kwanza nikainua vidole kwenye nyuzi. Pedali ikajibu. Mama aliacha kuimba, akajifunika mdomo kwa kitenge. Kiongozi wa kwaya akaondoa mikono kwenye kinanda na hakuirudisha hadi misa ikaisha. Nilimtazama, ndiyo. Wewe pia ungemtazama.

Pumzika sasa, Papa, na usinisumbue tena kuhusu miguu. Tutarudi Kirolirwe, wakitaka wasitake. Siku hiyo nitaunga bafle kwenye betri palepale zizini na kupiga noti yako ya kwanza. Pedali nitaizima kwa mguu. Mlima utajibu wenyewe, na yeyote aliyekaa juu yake atasikia kwamba tumefika.

Binti yako,
Furaha