Miba ya Jumbe Bondeni

Jumatatu, 4 Mfungo Nane
Leo tena na watoto wa chuo cha Kurani, baada ya kusoma. Njia ya mikokoni hadi bonde la ukindu. Natangulia, nagusa mti, wao wanataja jina lake. Bagamoyo nzima hakuna anayenishinda kwa miti. Watu wa Fukayosi wanajua ya bara tu. Mimi najua yote. Kalamu inanipa tabu, nakubali. Mti haujanipa tabu hata siku moja.

Bonde linanitia hasira. Ile miba yenye vijiua vya njano na vyekundu imefika katikati. Jumbe wetu ndiye aliyeileta, kutoka bustani ya Mzungu mmoja, akaizungushia nyumba, akajiona sultani. Ndege wanakula tunda lake, wanaangusha mbegu huku. Chini ya miba ukindu hauoti. Na binti yangu Mwanahawa ni mjane, anakula kwa kusuka mikeka. Ukindu ukiisha atasuka nini? Maua ya Jumbe?

Alhamisi, 7
Hakuna chuo. Tumeshinda bondeni. Nimewaambia watoto: mmea wowote uliokuja na chombo ni adui, ng'oa. Miba, mlangilangi, asumini, vyote vya ng'ambo. Wameng'oa miba mpaka viganja vikatoka damu. Hawakulia. Tatu, mjukuu wa Bi Kidawa jirani yangu, ana nguvu kuliko wavulana. Tufanye haraka. Masika yakitukuta hatujamaliza, kila mbegu itaota, na bonde ndiyo basi.

Ijumaa, 8
Balaa. Tatu na wenzake wameng'oa asumini yote ya Bi Kidawa. Na mizizi. Kesho pana harusi pale kwake, bi harusi hana ua hata moja la kikuba cha kujipamba. Bi Kidawa kaningoja nje ya msikiti, watu wote wapo.

"Ewe Shomari! Asumini ni adui yako? Na ule mkorosho unaolalia kivuli chake, alioleta Mreno, mbona hujaung'oa? Au Mreno mjomba wako?"

Watu wamecheka. Jumbe amecheka kupita wote. Nimeokota viatu vyangu, nimeondoka nikichekwa. Mimi!

Jumamosi, 9
Nimetoka alfajiri kwenda Kaole kwa shemeji. Nimerudi na kikapu cha asumini na vipando vyake. Maua nimempa Bi Kidawa. Vipando nimechimbia mwenyewe, nimetia maji mwenyewe. Yeye kasimama mlangoni ananitazama.

"Kuomba radhi huwezi, eh?"

"Nimepanda."

"Kiburi hicho utazikwa nacho."

Nitazikwa nacho, ndiyo.

Jumapili, 10
Jumbe kaniita barazani. Marufuku watoto kutembea na mimi. Eti nawafundisha uharibifu. Uongo. Anaogopea wigo wake, basi. Kanitaka nimwombe radhi kwa vijiti viwili watoto walivyochomoa pembeni. Nimesema miba siiombi radhi. Kasema atanitia ndani. Anitie. Mdachi alinitia ndani, nikatoka, akaondoka yeye. Na huyu ataondoka.

Jumatatu, 11
Bondeni peke yangu. Hakuna wa kutaja majina. Mgongo umekataa mapema, nimekaa chini na jembe.

Nimefikiri. Mkorosho ni mgeni, kweli. Lakini unanilisha, na haujatoka uani kwangu. Asumini usipoinywesha inakufa. Haijaja bondeni kumfukuza mtu. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale wawili walishika jembe. Huyu wa miba kalikataa, kisha kampokonya mwenyeji kitanda. Hilo ndilo ningewafundisha watoto. Niliwafundisha vibaya. Naandika humu tu. Barazani sisemi, ng'o.

Jumatano, 13
Leo nimecheka peke yangu njiani. Kazi ya Mwanahawa. Kapita nyumba kwa nyumba: ukindu umekomaa, twendeni tukakate. Wanawake wakienda kukata ukindu huenda na watoto wao, tangu zamani, nani atakataza? Mke wa Jumbe naye ni msukaji, kaja na mundu wake. Kila mmoja na jembe pia, la kung'olea miba. Mimi nyuma kabisa.

Jumbe kasimama njiani. "Mzee Shomari anakwenda wapi?"

Bi Kidawa kamjibu, hata hakusimama. "Anatusindikiza. Na wewe, Jumbe, siku yako ikifika, mikeka hakuna, tukulaze juu ya nini? Miba?"

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Jumbe kaacha njia.

Nimewaambia watoto lile la mgeni. Sikusema kwamba mwanzo nilikosea. Tatu kanitazama sana. Anajua. Shauri yake.

Jumapili, 24
Mvua imeanza, nyepesi. Katikati ya bonde ni peupe. Pembeni miba ipo bado, tutarudi. Mwanahawa ameanika ukindu barazani, nyumba nzima inanuka majani mabichi.

Nilikwenda jioni na Tatu. Pale palipokuwa na miba kumeota kimmea, jani mviringo, manyoya chini yake. Tatu kachuchumaa. Katazama yanayoota kando yake, yote mazima. Kasema, "Huyu hajamsumbua mtu. Tumwache tuone." Kisha kaniuliza jina lake.

Nikamwambia sijui.

Tukakaa pale kidogo, mvua inatunyeshea.