Siri ya Orlane Si Yangu

Uvira, 7 Machi 1999

Rosette, mudogo wangu mupendwa,

Nakusalimia sana. Habari za hapo Ngagara, na kazi yako ya uganga kwenye kituo cha afya? Huku tuko, ila Mama bado hawezi kusimama peke yake, na barabara ya Gatumba ya kuja huko imefungwa tena kwa vita. Kila jioni naangalia upande wa mji wetu wa Buja, ng'ambo ya ziwa, nakumbuka nyumba yetu ya Cibitoke: sisi tunakaanga samaki wadogo, ndagala, redio inaimba, Orlane anapiga ngoma kwenye masufuria. Leo ana miaka kumi na saba, na mi siko.

Mwanvua, yule anayeuza vitenge, alimuona binti yangu mara mbili kwenye kituo chenu cha afya. Anaumwa nini? Nilikuachia mutoto nilipokuja kumuuguza Mama. Niambie.

Yaya yako,
Mathilde

Ngagara, 21 Machi 1999

Yaya Mathilde, dada yangu mukubwa,

Barua yako imenifurahisha, pole sana kwa Mama. Sisi wazima, milio ya bunduki tunaisikia mbali, upande wa milimani.

Ndiyo, Orlane alikuja. Hata kabla ya kukaa aliniuliza, "Leo niko na muganga ao niko na mama mudogo?" Nikamjibu, "Muganga." Basi neno hilo limenifunga. Daktari alitaka kwanza ruhusa ya muzazi. Nikamwambia muzazi yuko ng'ambo ya vita, na dawa haiwezi kungoja. Ametibiwa. Anakula, anasoma. Zaidi ya hapo, siri ni yake, si yangu.

Unamukumbuka dada yetu Mwavita, alivyokuwa anacheka mpaka anaketi chini? Muganga wa misheni alimwambia Baba ugonjwa wake kabla ya kumpa sindano. Baba akampiga, naye hakurudi tena kutibiwa, mpaka tukamzika. Mpaka leo nikisikia musichana anacheka hivyo sokoni, nageuka.

Mudogo wako,
Rosette

Uvira, 2 Aprili 1999

Rosette,

We hujazaa. Orlane nimemzaa mi. Kama ni mimba, kama ni ule ugonjwa unaomaliza watu, nitaambiwa siku ya kuzika? Usiniandikie kama huna jibu.

Mathilde

Ngagara, 30 Mei 1999

Yaya,

Unaendeleaje? Mama je? Nimeandika na kuchana mara nyingi. Jibu lile sina.

Nilimwambia Orlane kwamba una wasiwasi mwingi. Akasema, "Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso." Barabara ikifunguliwa, atasafiri na Mwanvua. Naomba kitu kimoja tu: mwache amalize kusema.

Mudogo wako,
Rosette

Uvira, 20 Juni 1999

Mudogo wangu Rosette,

Salamu nyingi kutoka kwetu wote. Mama anatembea sasa mpaka uwanjani.

Orlane amefika. Aliniambia wakati tunachagua muchele. Kijana wa darasa lao; kisonono; maumivu ya tumbo aliyoyaficha. "Mama, ningengoja barabara ifunguliwe, labda nisingeweza kuzaa." Mukono wangu uliinuka, Rosette. Akafumba macho, akangoja. Nikaushusha, nikaendelea kuchagua, lakini mawe sikuyaona tena kwa machozi.

Ameniambia pia kwamba alipimwa virusi vya ule ugonjwa, sida, na jibu hajalichukua, anaogopa. Jirani atakaa na Mama. Jumatatu tunakuja wote wawili. Ataingia kwako peke yake. Mi nitakaa kwenye benchi mpaka aniite, na asiponiita nitaendelea kukaa.

Barua hii Mwanvua anatutangulia nayo. Kama jibu la kipimo unalijua tayari, usimpe Mwanvua hata neno moja aniletee.

Yaya yako,
Mathilde