Begi Hushushwa Nyumba Kubwa

Katoro, Geita
8 Juni, 2025

Mpendwa dada Mwanaima,

Shikamoo dada. Mwanao Tabu sasa hivi katoka kitandani mpaka mlangoni kwa miguu yake, kashika kandambili ya baba yake, akaanguka, akacheka mwenyewe. Ndiyo, anatembea, wiki hii yote! Vipi huko Dodoma, kifua kimepona? Sisi wazima, ila moyo wangu hauna raha.

Baba yake hajui bado. Yuko Nkome anakusanya dagaa, na leo anarudi. Nataka amwone mtoto akimwendea kwa miguu, asihadithiwe. Lakini si unajua, akifika anaanzia nyumba kubwa, kwa mke mwenzangu Mama Akida. Begi linashushwa kule, maji anapewa kule, habari zote anazipata kule. Mimi naletewa mtu aliyeshiba. Hata mtaani wanamwita Baba Akida tu, kana kwamba Tabu nilimwokota.

Ulinieleza kazi yako ya mapokezi pale gesti, kwamba kuchekini ni mgeni kufika, anaonyesha kitambulisho, anaandikwa jina, anapewa ufunguo, na kuanzia hapo ni mgeni wenu. Sasa nikuulize dada: mtu akichekini kwenu, akaacha begi, halafu akaenda kulala gesti ya jirani, huyo ni mgeni wa nani? Maana huyu wangu kila safari anachekini kwa mwenzangu.

Juzi bombani nilimwambia Mama Akida, Tabu anatembea, kwa hiyo safari hii baba yake aanzie kwangu. Akacheka. "We mtoto, mume si lori la dagaa tugombanie lishushe wapi."

Nikamjibu, "Basi lianzie kwangu, ghala lako limejaa."

Wanawake wote walicheka, yeye akajitwika ndoo yake akaondoka. Tangu hapo naogopa atawahi kumwambia habari ya Tabu ili anikomoe.

Nisalimie shemeji Jilala na wanangu wote. Mwenyezi Mungu akulinde, wewe na hao wageni wako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Zuhra (Mama Tabu)

Dada, nilishakunja karatasi. Pikipiki imepita hapa na Baba Tabu juu yake, haikusimama, imenyoosha nyumba kubwa. Nimelia. Mara namsikia Mama Akida anaita, "Mama Tabu! Mlete mtoto aje kwa miguu yake! Baba yake nimemkalisha, sijamwambia kitu!"

Hata huo wema wake nauonea wivu dada. Angenikomoa ningejua la kufanya, lakini hivi alivyo, mimi nitagombana naye vipi? Acha nimshike Tabu mkono, tunakwenda.