Shangazi Asichapishe Bango

Minneapolis,
9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya lolote nauchukua mkono wako na kuugusisha kwenye paji la uso wangu, kama ninavyofanya nikiingia mlangoni hapo Vallejo. Hujambo Mama? Na Baba, goti linamruhusu kucheza dansi siku za Jumamosi, au bado anajidai mgonjwa mpaka muziki uanze? Mimi ni mzima kabisa. Baridi ya huku haina adabu, lakini lile koti lako la kijani linanitunza, ingawa nikilivaa nafanana na godoro.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Mama, kwenye simu wewe husemezeki. Nikisema nina jambo, unaniuliza kama nimekula. Nikisema nimekula, unataka kujua nimekula nini, na nikitaja chakula unaanza kunifundisha kukipika. Barua haikatizwi.

Masomo yanaendelea vizuri. Mwalimu wa anatomia alinisifu mbele ya wenzangu kwamba nina mkono mwepesi. Nimepata pia kazi ya mazoezi kwa mzee mmoja wa huku, Bwana Halvorsen, ambaye akisema sentensi mbili mfululizo inabidi apumzike. Nilimpelekea lumpia za nyama nilizoviringisha na kukaanga mwenyewe. Akala moja, akaguna, kisha akalimaliza sinia zima bila kunitazama.

Sasa, juzi Shangazi Bining alinipigia. Anataka picha yangu nikiwa na sare nyeupe ya unesi, achapishe bango kubwa la kutundika mbele ya gereji siku ya sherehe ya ukoo mwezi wa Juni. Nikamwambia bado sijahitimu. Akanijia juu: “We mtoto, kwani bango linaoza? Tutundike mapema, huyo Nenita wa ng’ambo ya barabara aache kuturingia na mwanawe mfamasia!” Nikauliza litaandikwa nini. Akasema, Hongera Nesi Wetu Mpya wa Ukoo wa Dumlao, na uso wangu uwe mkubwa kuliko mlango. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Nilipokata simu nililia. Mwambie asichapishe, Mama, nakuomba.

Unakumbuka matanga ya Babu Ambo? Wale wahudumu wa nyumba ya mazishi walimpaka rangi ya midomo kama mcheza ngoma, na nywele wakazilaza upande usio wake. Bibi alichungulia jeneza mara moja tu, akarudi nyuma akisema, “Huyu nani mmeniletea? Mume wangu yuko wapi?” Hakuna aliyeweza kumsogeza tena. Kisha nyote mkaenda chumba cha nyuma kula tambi na kucheza karata, na mliporudi Babu alikuwa ameshakuwa Babu. Bibi akamsogelea, akamgombeza kwa sauti kwa kutangulia bila ruhusa, ndipo akalia vizuri. Mlimshukuru sana mkubwa wa pale, mkamjazia sahani ya lumpia. Mama, yule bwana alikula jasho langu. Ni mimi niliyemfuta Babu ile rangi na kumchana nywele upande wake.

Kaa kitako sasa. Tangu Januari sisomi unesi. Nimehamia somo la kuandaa marehemu na kuhudumia wafiwa. Bwana Halvorsen ana nyumba ya mazishi, na mimi namsaidia kuwaosha, kuwavisha na kuwachana nywele watu wanaoletwa pale.

Najua umeshashika rozari. Utasema hukuvuka bahari na kukesha wodini ukiokoa watu ili mwanao aje awapokee walioshindikana. Shangazi atasema nitanuka dawa na sitaolewa. Baba atauliza kama naogopa. Siogopi. Wala sikuukimbia unesi kwa ugumu, alama zangu zilikuwa nzuri kabisa. Naipenda kazi hii. Naamka asubuhi nina haraka ya kwenda, na safari nyingine naimba njiani mpaka watu wananigeukia.

Wiki iliyopita tulimpokea bibi mmoja, mkulima wa viazi. Kabla ya kumgeuza nilimwambia, “Samahani bibi, nakugeuza kidogo, mikono yangu ina baridi.” Bwana Halvorsen akaacha alichokuwa akifanya. Akauliza nani kanifundisha hivyo, maana chuoni hawafundishi. Nikamjibu, mama yangu, ni nesi.

Nilikuwa mdogo, Mama. Hapakuwa na wa kukaa nami siku ile, ukaenda nami kazini, ukaniketisha nje ya pazia na kalamu za rangi. Nikakusikia ukizungumza na mzee aliyekuwa ameshakata roho. Ulimwomba radhi kabla ya kumfuta uso. Ulimwambia wanawe wako njiani, kwa hiyo lazima apendeze. Ulizungumza naye vilevile unavyozungumza nasi mezani. Hujawahi kunisimulia habari ile, nami sikukuuliza, lakini kazi hii niliipendea pale.

Basi usimwambie mtu kwamba nimeiacha njia yako. Naomba baraka zako. Usiponipa nitamaliza masomo hivyo hivyo, Mama, ila nitayamaliza nikilia.

Msalimie Baba na goti lake, na umbusu Bibi mashavu yote mawili kwa niaba yangu. Shangazi Bining umbusu wa mwisho, akishatulia.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Analyn