Alama za Vidole Kwenye Chuma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mmeamkaje huko Muleba? Miguu inakuruhusu kufika kanisani? Na baba, Tata wangu, uji unapita? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechakaa. Barua hii nimempa mama mmoja wa kata ya Bakoba anayekuja likizo, maana kwenye simu nikisikia sauti yako tu, maneno yananikauka.

Kazi yangu unaijua: tunachomelea fremu za chuma zinazobeba injini za ndege za zamani, zile ambazo vipuri vyake haviuzwi tena popote. Bosi aliniahidi kwamba fremu niliyokuwa nayo ikipita ukaguzi, ataniruhusu nije kumwona Tata. Nikaichomelea vizuri, ikapigwa mchanga kwa mashine ya upepo hadi ikatakata. Chuma kikifika hapo hakishikwi kwa mkono mtupu. Jasho la kidole tu hukitia kutu, hata ukipaka rangi juu yake.

Basi akaingia mwenye ndege, mzee wa umri wa Tata. Ningemsalimu nimevaa glavu, Mama? Mlinilea hivyo? Nikazivua, nikampa mikono miwili, tukajuliana hali. Akafurahi, akaomba nimgeuzie fremu aione upande wa pili. Nikaigeuza, glavu nimezisahau mezani. Jioni nikapaka rangi.

Juzi mkaguzi akaona rangi imevimba. Ilipokwanguliwa, vidole vyangu vilikuwa pale chini, vyekundu kwa kutu.

"Ikwangue yote, uanze upya," bosi akasema. "Safari baadaye."

Nikamwambia baba yangu hawezi tena kuinuka kitandani. Akajibu, "Ukienda sasa, usirudi."

Adabu imeniponza, Mama. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Nilijifungia chooni nikalia kama mtoto. Nikiondoka, dawa za Tata zitatoka wapi? Nikibaki, naogopa nitakuja kuonyeshwa kaburi kibanjani, kwenye migomba yetu.

Msalimie sana kaka anayewahangaikia shambani, na shangazi anayemlisha Tata kwa kijiko. Mwambie nashukuru kutoka moyoni. Dada wa Kemondo naye asiache kuja kuwaona.

Kila nikikuuliza, unanijibu, "Fanya utakavyoona, mwanangu." Mama, huku sioni kitu. Safari hii niamrishe: nije, au nibaki?

Mwanao,
Projestus