Mama, Kwenye Karatasi Ulikuwa Dada Yangu

Mama,

Nakuita Mama kwa sauti sasa, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Maisha yangu yote nilikuita Dada mbele za watu. Hiyo imeisha.

Tangu tukuzike kule Sirisia, nyumbani kwa Barasa mume wako, nina hasira ambayo hainiachi hata nikila. Kwenye karatasi ya mazishi waliandika kwamba umeacha wavulana wawili. Mimi wakaniweka chini kabisa, kwenye orodha ya ndugu: Nekesa, mdogo wake. Nilisoma hayo nikiwa nimesimama kando ya jeneza lako. Barasa akaja akanipa mkono. "Pole, shemeji." Shemeji! Na alijua, Mama. Wewe mwenyewe ulimwambia kabla hajakuoa, akakujibu kwamba yeye haoi mwanamke na mzigo wake.

Lakini si yeye aliyeanza. Juzi hapa chuoni Bungoma, mwalimu wa sosholojia alitufundisha jinsi sera za serikali zinavyoingia nyumbani na kupanga familia. Wenzangu waliandika. Mimi nilitaka kusimama nimwambie asihangaike na mifano, anitazame mimi. Ulipata mimba ukiwa kidato cha pili. Serikali ilisema msichana aliyezaa arudi shuleni, lakini mwalimu mkuu alitaka msichana ambaye hajulikani kuwa na mtoto. Halafu cheti changu cha kuzaliwa, kwa kuwa hukuwa na mume, kingetiwa alama za X mahali pa jina la baba, nami nitembee nacho hivyo kila shule. Basi Kuka, babu yangu, akaenda na Kukhu, mke wake, kwa naibu chifu akasema mtoto huyu ni wao. Muhuri ukapigwa. Bibi yangu akawa mama yangu, na wewe uliyeninyonyesha ukawa dada. Wote tulikuwa bado kwenye nyumba ile ile karibu na Mabanga.

Nakumbuka likizo zangu kwako Kitale, ulipokuwa ukikaanga mandazi ya kuuza mtaani Kipsongo. Siku mafuta yaliponirukia mkononi ulipiga kelele, "Mtoto wangu!" Barasa alikuwa mlangoni. Ukageuka haraka ukasema, "Pole, mdogo wangu." Ulirekebisha jina kwanza, maji baridi yakaja baadaye. Kwa hilo sijakusamehe, na sitajifanya eti kwa kuwa umekufa nimesahau.

Sasa sikia yaliyotokea siku ya kunyoa, siku ya tatu baada ya kukuzika, wafiwa wanaponyolewa nywele. Watoto wa marehemu waliitwa waketi mbele. Wafula, mkubwa wa wavulana wako, akaenda, na mdogo wake akaenda. Nami nikaenda nikaketi kati yao. Barasa akasema, "Wewe toka hapo bana, hii ni ya watoto." Chifu alikuwepo, tayari na barua ya kuorodhesha watoto wako, na Barasa akamwambia, "Si uangalie karatasi? Ati huyu ni dada." Watu wakaanza kunong'ona. Sikutoka.

Ndipo Kukhu akasimama. Unajua mama mkwe kwetu hamkaribii mkwe wake, hata kumtazama usoni hamtazami. Siku hiyo alimtazama. Akasema, "Chifu, andika vire nasema. Huyu si mutoto wangu, ni mujukuu. Mimi nirimurea tu. Ure arimuzaa ndio huyu tumezika." Mama mwenye wembe akaanza na kichwa changu.

Barasa hakukubali, akasema maneno ya matanga si ushahidi. Alitaka karatasi. Basi nikampeleka Kukhu kwenye ofisi ya usajili wa vizazi akaape kwamba aliyoandikisha zamani hayakuwa kweli. Karani akamuuliza, "Kwa hivyo ulidanganya serikali?" Kukhu akamjibu, "Serikari ndio iriniuriza swari mbaya." Karani alicheka. Mimi nilikuwa natazama kidole gumba cha Kukhu kikienda kwenye wino. Mkono ule ulinilisha, ulinifulia, ulinichapa. Ili niandikwe wako, ilibidi yeye afutwe. Nililia hapo koridoni, Mama, kuliko nilivyolia siku ya kukuzika. Tulipotoka nje akaniuliza, "Sasa mimi ni nani wako?" Nilimshika tu mkono tukaenda.

Sasa barua ya chifu imeandikwa upya, na mtoto wa kwanza ni mimi. Barasa aliitia sahihi mbele yangu. Nilimkodolea macho mpaka akamaliza jina lake, na nilifurahi, sikatai. Aliniuliza nataka nini, kama ni shamba au ni chumba cha Kitale. Abaki navyo. Nilitaka ashike kalamu akiri kwamba mimi nipo.

Kukhu nitamtunza mpaka mwisho. Nitaendelea kumwita Mama, na karani aandike anavyotaka.

Lakini na Barasa sijamaliza. Kwenye msalaba wako wa mbao aliandika "Mama Wafula", kana kwamba ulianza kuzaa ulipofika kwake. Mwezi wa Desemba nakuja na fundi na simenti. Nimeongea na Wafula mwenyewe, amekubali, na amesema atachota maji. Kaburi lako linatazamana na mlango wa Barasa. Tutajenga msalaba ambao mvua haitauondoa, na upande wa mlangoni tutachonga kwa herufi kubwa: MAMA NEKESA. Nakuahidi hivyo, Mama. Kila asubuhi akifungua mlango atoke nje, atanisoma.

Lala sasa.

Mwanao wa kwanza,
Nekesa